Siku moja na mwanafunzi wa maikrolaiti (ndege ndogo nyepesi), tangu alfajiri hadi propela isimame

Saa 11:30 alfajiri
Kusini mwa Uingereza mwezi Juni, saa hii jua limeshatoka na hewa imetulia. Kabla ya chai, upepo. Jedwali la F214 la Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, hutaja upepo kimo kwa kimo. Mimi husoma futi 1,000 na 2,000. Soksi ya upepo ikiwa imelala uwanjani huku futi 2,000 upepo ni noti 25 (kipimo cha kasi; noti moja ni takriban kilomita 1.85 kwa saa), utulivu huo haudumu: jua likipasha ardhi, upepo wa juu utashuka. Kwa anayeanza, noti 10 uwanjani zinatosha kumtoa jasho.

Saa 12:30 asubuhi
Mizani kwanza, mwanafunzi akiwa amevaa nguo zote za kurukia. Ndege ya watu wawili ya daraja la zamani haitakiwi kuzidi kilo 450 inapopaa. Chukua ndege tupu ya kilo 225 na watu wawili wa kilo 90 kila mmoja: zimebaki kilo 45. Lita ya petroli ina takriban kilo 0.72, kwa hiyo tangi la lita 65 likijaa ni karibu kilo 47, umeshavuka. Tunatia lita 40. Saa moja ya somo haimalizi hata nusu yake.

Kisha ukaguzi. Ndege yetu ni ya bawa la kitambaa linalobeba kigari cha matairi matatu chini yake, na bolti moja ndiyo inayoviunganisha. Anza hapo: nati, pini ya usalama, waya wa akiba. Waya nyingine zifuate kwa macho, mkono ukiwa na glavu. Uzi mmoja wa waya ukikatika, leo haturuki, na hilo halina mjadala.

Oili ndiyo inayowapiga chenga wengi. Injini yetu, Rotax 912, ina tangi la oili la pembeni, na ndege ikilala usiku, sehemu ya oili huteremkia ndani ya injini. Ukichomoa kijiti cha kupimia hivi hivi utaona imepungua, utaongeza, na injini ikiwaka ile ya ziada itatapikwa kwenye mpira wa kupumulia. Hakikisha swichi zote mbili za moto (za umeme wa plagi) zimezimwa, fungua kifuniko cha tangi, kisha zungusha propela kwa mkono polepole, ukihisi kila silinda inavyokaza na kuachia. Baada ya mizunguko kadhaa tangi litakoroma kama dumu linalomiminwa maji. Sasa pima. Kati ya alama ya chini na ya juu ni lita 0.45 tu. Usizungushe kinyume kamwe, maana huingiza hewa kwenye njia za oili. Na hata swichi zikiwa zimezimwa, simama kana kwamba injini inaweza kuwaka.

Saa 1:30
Injini baridi huwashwa kwa choki (kidhibiti kinachoiongezea petroli wakati wa kuwasha), na kanyagio la mafuta liachwe kabisa. Mwanafunzi akilikanyaga kidogo kwa mazoea ya gari, choki haifanyi kazi na injini inakataa. Presha ya oili isipopanda ndani ya sekunde 10, zima. Ikipanda, iache kwenye mizunguko 2,000 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili, kisha 2,500 mpaka oili ifike nyuzi 50 za Selsiasi. Asubuhi ya baridi kusubiri huku huudhi, lakini anayepaa na oili nzito anaitesa injini. Mwisho, kwa mizunguko 4,000, zima saketi moja ya moto kati ya zile mbili, irudishe, kisha nyingine. Kushuka kusizidi mizunguko 300.

Saa 2:00
Mwanafunzi hukaa mbele, mwalimu nyuma. Shida huanza hata kabla ya kupaa: tairi la mbele huongozwa kwa miguu, na ukisukuma mguu wa kulia, ndege inakwenda kushoto. Hewani ni vivyo hivyo. Ukisukuma upau, yaani fimbo ya mlalo ya kuongozea bawa, kulia, uzito wenu huhamia kushoto chini ya bawa, nanyi mnapinda kushoto. Ukiusukuma mbele, pua inapanda na mwendo unapungua. Ukiuvuta, mwendo unaongezeka. Aliyezoea pikipiki huteseka zaidi, kwa sababu mikono yake inajua jibu jingine.

Dakika ya 20 vidole vyake vimeshakuwa vyeupe. Anausahihisha kila mtikisiko, anachelewa, bawa linarudi, anasahihisha tena, na sasa tunayumba kwa mikono yake, wala si kwa upepo. Namwambia ashike kwa vidole viwili na atazame upeo wa macho. Kuyumba hukoma kwenyewe.

Saa 4 asubuhi hadi saa 10 jioni
Ardhi imepata moto, hewa inachemka, hatupai. Ni muda wa vitabu: mitihani ni mitano, ukiwemo wa sheria za anga na wa hali ya hewa. Leseni kamili inataka angalau saa 25 za kuruka, 10 kati yake peke yako. Wengi huzidi hapo. Atakayerudi kurukia Nairobi, kwenye futi zipatazo 5,500, ajue injini isiyo na taabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) itampa nguvu pungufu na njia ya kupaa itarefuka.

Saa 11:30 jioni
Upepo umelala, sasa kupaa na kutua, mara sita au nane. Kabla ya kila kupaa anataja kwa sauti: injini ikizima, vuta upau, tua mbele. Kugeuka kurudi uwanjani ukiwa chini ndiko kunakoua.

Kwenye kutua kosa ni macho. Akitazama nyasi zilizo mbele ya tairi, anasukuma upau mapema, mwendo unaisha ndege ikiwa bado juu, inabwagika. Shuka kwa mwendo uliotajwa kwenye kitabu cha ndege, anza kuulegeza upau taratibu karibu na ardhi, macho yakiwa mwisho wa uwanja, na matairi ya nyuma yaguse kwanza. Kisha vuta upau ili bawa lisiinuke tena, ndipo breki.

Saa 2:00 usiku
Bomba la mafuta limefungwa, swichi zimezimwa, pua ya bawa imeelekezwa chini. Kwenye kitabu cha saa za kuruka: saa moja na dakika 5 asubuhi, dakika 50 jioni.