Kiuno changu na dumu la lita 20

Kwanza niwataje walioniambia ni figo. Halafu walioniambia ni gesi, walioniambia ni godoro, na shemeji yangu aliyenivuta pembeni msibani akaninong'oneza kwamba mwanaume akishaanza kuumwa kiuno "na mambo mengine" yanafuata, kwa hiyo ninywe maji ya karafuu na tangawizi asubuhi na jioni. Nilikunywa. Kiuno kiliendelea kuuma, ila nilinukia vizuri.

Mimi ni mchezaji wa veterani. Nina miaka 43, kazi yangu ni ya kukaa ofisini, maeneo ya Posta, Dar es Salaam, nyumbani ni Kimara, na kila Jumapili asubuhi nacheza beki wa kati kwenye uwanja wa shule, tukimaliza tunakwenda supu. Maumivu yalianza Oktoba, taratibu, bila kuanguka wala kupigwa buti. Nikiinuka kwenye kiti nilishika meza na kunyooka kwa awamu kama jeki ya gari. Soksi ndiyo ilinidhalilisha zaidi: nilikuwa naitupa sakafuni, kisha naiwinda kwa vidole vya mguu.

Novemba nikaenda zahanati moja, nikachomwa sindano ya diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, Jumamosi jioni. Jumapili niliamka mwepesi kama kijana wa miaka 20. Mke wangu akasema, "Baba, pumzika kwanza." Nikamjibu kwamba nimepona, si unaona? Nikafunga viatu mwenyewe, mbele yake, kwa makusudi.

Kipindi cha kwanza nilicheza vizuri, na hata wapinzani watakwambia hivyo. Kipindi cha pili ikaja krosi ya juu. Mshambuliaji wao, mtu mzima mwenye kitambi cha heshima, hata hakuhangaika kuruka. Mimi niliruka. Juu nilifika salama, shida ikawa kushuka. Kiuno kilikaza kama kimefungwa waya, nikabaki nimepiga magoti, viganja chini, makalio juu, siendi mbele wala nyuma. Tulikuwa tunaongoza, hivyo refa akadhani nachelewesha mpira, akanihesabia. Wachezaji wawili wakaniinua nikiwa nimejikunja vilevile, kama kiti.

Ikaitwa bajaji. Kukaa sikuweza, kulala hapatoshi. Mwishowe nilipiga magoti kwenye kiti cha abiria, nimekumbatia egemeo, uso nyuma, nikichungulia kwenye kidirisha cha plastiki. Safari nzima nilitazamana na madereva wa bodaboda waliotufuata. Kwenye matuta nilitaja ukoo mzima. Mmoja wao akanipungia mkono, na mimi, sijui kwa nini, nikampungia.

Sindano haikuwa mbaya yenyewe, mbaya nilikuwa mimi. Ilinyamazisha maumivu, nami nikaichukua kama cheti cha kupona.

Baada ya hapo nikafuata ushauri ambao kila mtu anao: lala pagumu, usijisumbue. Godoro likaondolewa, nikalala kwenye mkeka siku 12 nikiletewa chai kama mzazi. Nilipoinuka miguu ilikuwa dhaifu kuliko siku niliyolala. Nikapiga picha ya MRI, laki nne na ushee, hela iliyokuwa imekaa ikisubiri sare za watoto. Ripoti ikasema diski ya L4/L5, ule mto ulio kati ya pingili mbili za chini kiunoni, imechomoza. Usiku ule nilisoma mtandaoni mpaka saa nane, na kufikia saa tisa nilikuwa nimeshajizika.

Aliyenifufua ni mama mmoja wa fiziotherapia, wale wanaotibu kwa mazoezi, mtu mzima, miwani puani. Kabla hajagusa picha akaniuliza maswali: mkojo unashindwa kuuzuia? Kuna ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mguu unalegea? Homa za jioni, kupungua uzito? Akasema lolote kati ya hayo lingenipeleka kwa daktari siku hiyohiyo, maana huku kwetu hata TB ya uti wa mgongo ipo. Sikuwa na hata moja. Ndipo akaisoma ripoti, akairudisha kwenye bahasha. "Baba, nikiipiga picha timu yenu nzima, nusu yenu mtarudi na karatasi kama hii, na wengine hawajawahi kuumwa hata siku moja."

Nilidhani ananifariji. Baadaye nikaona mwenyewe kwamba mwaka 2015 watafiti walijumlisha picha za watu zaidi ya 3,000 wasioumwa mgongo kabisa, na wenye umri wa miaka 40 nusu yao walikuwa na diski zilizochomoza. Laki nne yangu ilinunua habari kwamba nimefikisha miaka 40.

Mazoezi aliyonipa ni yale matatu ya profesa wa Canada, Stuart McGill, ambayo yamezagaa kila mahali, siyaelezi. La kutambaa, unanyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, nilitetemeka kama meza yenye mguu mbovu. Pia kutembea: dakika 10 mara tatu kwa siku, kila wiki unaongeza kidogo. Na kukaa kusizidi nusu saa bila kuinuka. Hapo basi la mwendokasi likawa rafiki yangu. Watu Kimara wanasukumana kugombea kiti, mimi nasimama kwa hiari yangu mpaka Posta, na nimeshaitwa muungwana na mabibi wasiopungua watatu.

Lakini alisema pia lazima nibebe uzito. Gym ya jirani ada yake ni kama ya chekechea. Nikanunua dumu tupu la mafuta ya kula la lita 20, buku tatu au nne. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo kipimo ninacho bombani. Nikaanza na lita 5, dumu likiwa juu ya stuli ya plastiki ili nisiiname sana. Unasukuma makalio nyuma kama mama anayefunga mlango kwa makalio huku mikono imebeba sufuria, mgongo umenyooka, unashika, unasimama. Mara nane, unapumzika, unarudia. Siku tatu kwa wiki, na kila siku ya zoezi namimina chupa moja ya nusu lita. Kwa wiki ni kilo moja na nusu, mwili hata haushtuki.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: dumu la nusu ni gumu kuliko lililojaa. Maji yanacheza ndani, yanakuvuta huku na kule, tumbo linalazimika kujikaza lenyewe. Lita 10 zilinitoa jasho kuliko 18. Jirani alinitazama wiki mbili nikiinua maji na kuyarudisha palepale, akamwuliza mke wangu kama tunahakiki vipimo vya muuza maji.

Januari nilipiga chafya nikiwa nimeinama kwenye karo, kiuno kikakaza tena. Ningekuwa yule wa Novemba ningerudi mkekani. Nilipumzika siku mbili, nikamwaga maji mpaka lita 8, nikaendelea. Sheria ya yule mama ilikuwa hii: maumivu ya tatu kati ya kumi ukiwa kwenye zoezi ruksa, alimradi asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa. Yakibaki asubuhi, jana ulizidisha.

Lita 20 nilifika mwezi wa tatu, kisha nikashusha dumu kutoka kwenye stuli hadi juu ya tofali, kisha sakafuni. Uwanjani nilianza kama mshika kibendera, nikazomewa na watu ninaowadai hela. Halafu dakika 10, halafu 20. Siku nikikaa sana ofisini kiuno bado kinanikumbusha, nacho nakijibu kwa kutembea.

Jumapili iliyopita nilimaliza dakika zote 70. Mwishoni tukapata penalti, wakanipa nipige kwa heshima ya kurejea. Ilipita juu ya paa la darasa la nne. Kocha akaniuliza kama ni mgongo. Nikamwambia ndiyo.