Nilivyomfikia Zacharie Cloutier kwa kufuata akina mama

Mama mkwe wangu ni wa ukoo wa Desjardins, wa upande wa Kamouraska, huko Québec, Kanada. Kila tulipouliza asili yao alijibu "Ufaransa", habari ikaishia hapo. Mimi nimekulia Bukavu, ambako babu alitutajia baba zake mmoja baada ya mwingine mpaka tunasinzia. Sikukubali wanangu wawe na upande mmoja wenye majina na mwingine mtupu.

Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa: shika jina la ukoo, rudi nalo nyuma. Ulinipotezea miezi mitatu. Nilirudi na Desjardins hadi mwanzoni mwa miaka ya 1800, kisha akatoweka. Ubatizo hakuna, ndoa hakuna. Watoto wakilala nilifungua picha za rejista za parokia ukurasa kwa ukurasa, mpaka macho yakaniwasha. Nikalipia na mti wa ukoo uliokwisha tengenezwa, bei kama ya chakula cha wiki moja nyumbani, nao ukanipeleka kwa bwana mkubwa wa Paris ambaye hakuwa na hati hata moja nyuma yake. Hasira ile ninayo hadi leo.

Kumbe mtu wangu alikuwa kwenye ukurasa nilioupitia mara nne! Padre alimwandika Roy. Mwanzilishi wa ukoo huo, Antoine Roy, alikuwa askari aliyefika mwaka 1665 na Carignan-Salières, kikosi cha jeshi la Ufaransa, na askari wale walikuwa na majina ya jeshini. Lake lilikuwa Desjardins. Ndiyo maana hati husema "Roy dit Desjardins", yaani Roy aitwaye Desjardins. Wajukuu na vitukuu wakawa Roy kwa padre huyu, Desjardins kwa yule, mara nyingine yote mawili. Hata Alphonse Desjardins, aliyeanzisha chama maarufu cha akiba na mikopo kule Lévis mwaka 1900, anatoka ukoo huo. Kwa hiyo ukiona mtu wa Québec amepotea ghafla, mtafute kwa jina lake la pili kabla hujasema amekufa.

Kilichonifungulia njia ni akina mama. Katika rejista za Wakatoliki wa Québec mwanamke haandikwi kwa jina la mume. Anabaki na jina la baba yake mpaka kaburini. Tena hati ya ndoa, kama bwana na bibi arusi si wajane, kwa kawaida hutaja wazazi wa pande zote mbili. Basi nikaacha kumtafuta mtu mmoja, nikawa natafuta mume na mke pamoja. Marie Roy wako mamia, lakini Marie Roy aliyeolewa na mwanamume fulani ni mmoja, au wawili wakizidi. Nikawa naruka kutoka ndoa hadi ndoa. Pale mwandiko uliponishinda nilitumia hazina ya PRDH ya Chuo Kikuu cha Montréal, iliyokusanya ubatizo, ndoa na mazishi ya enzi hizo. Wanatoza fedha kidogo, na sikujuta.

Kwa mama wa babu mmoja nikakuta Cloutier, na moyo ukanidunda, maana karibu Cloutier wote wa Québec hurudi kwa seremala mmoja: Zacharie, wa mji wa Mortagne katika eneo la Perche, Ufaransa, aliyevuka bahari mwaka 1634 pamoja na Robert Giffard, aliyekuwa akipeleka walowezi Kanada. Usishangae ukikuta tarehe za miaka hiyo ya mwanzo zinagongana. Kanisa la mji wa Québec liliungua Juni 1640 pamoja na rejista zake, zikaandikwa upya kwa kumbukumbu za watu.

Sikutaka kuishia Kanada. Rejista za Mortagne zimehifadhiwa na jimbo la Orne, huko Ufaransa, na zinasomwa bure kwenye intaneti, ila mwandiko wa mwaka 1616 ni kama nyayo za kuku. Nilitafuta maneno niliyojua lazima yawepo, majina ya miezi na ya watakatifu, nikachora kila herufi ya padre yule kwenye daftari, mpaka nikapata alfabeti yake nzima. Usiku wa tatu nikaisoma hati ya ndoa yao: tarehe 18 Julai 1616, Zacharie Cloutier na Sainte Dupont. Nililia peke yangu jikoni.

Zacharie hakujua kuandika jina lake. Kwenye mikataba, penye sahihi, alichora shoka. Nilichapisha nakala ya alama hiyo nikampelekea mama mkwe Jumapili, nikamsomea majina yote, mmoja baada ya mwingine, kama babu yangu. Aliweka kidole juu ya shoka akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Binti yangu, anza tena. Polepole, niandike."