Nimeitazama filamu ya Ng'ambo

Jana usiku vijana wa mtaani walitundika shuka jeupe ukutani wakatuonyesha filamu waliyoirekodi wenyewe kuhusu Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, hapa Unguja. Mji Mkongwe hauna shida ya sifa, tangu 2000 umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na wageni hupiga picha milango mpaka wachoke. Upande huu nani anauuliza? Na Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, aliishi Ng'ambo!

Kilichonishika zaidi ni Michenzani, humu humu Ng'ambo. Yale majumba marefu yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964, kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, yalisimama palipokuwa na nyumba za watu. Bibi mmoja anatembea katikati ya majumba akionyesha kwa kidole: baraza ya mumewe, kisima, nyumba ya somo yake. Haoni ghorofa kabisa yule.

Sauti ilikwaruza mno, wanangu tafuteni kipaza sauti cha maana. Sehemu ya pili inakuja, wanatafuta picha za zamani. Mwenye nazo kabatini aniambie, zitapigwa nakala arudishiwe zake.