Spika za masikioni: angalia mpira kwanza

Kwa spika za masikioni za bei nafuu, kinachozuia kelele za basi ni mpira wa kwenye ncha. Chukua zenye mipira ya saizi tatu, ujaribu kila sikio peke yake, maana la kulia na la kushoto huenda yasilingane. Vuta sikio juu na nyuma kwa mkono wa pili, ingiza taratibu. Besi ikipotea, mpira haujaziba, panda saizi. Ncha za sponji huziba vizuri zaidi: iminye, ingiza, shikilia sekunde 30 ivimbe, ila huchakaa haraka. Kwa kusomea nazipenda hizo, sauti unaiweka chini kabisa. Waya ukigongagonga kwenye nguo, upitishe juu ya sikio. Ukivuka barabara, zitoe jamani!