Robo Saa ya Nepal

Dereva wa teksi alikuwa ameegemea boneti, mikono kwapani. Salamu yetu aliijibu kwa kugonga kioo cha saa yake. Tulikuwa tumepatana naye jana yake jioni: saa kumi na moja na robo alfajiri, kwenda kilima cha Sarangkot, kusubiri, kurudi. Hilo la kusubiri hutajwa mapema pamoja na bei yake, maana asubuhi kule juu teksi tupu ni za kutafuta, na mwenye gari anajua. Tulitoka hotelini saa kumi na moja na robo kamili. Yeye akasema tumechelewa.

"Huyu kaka kaamka vibaya," mwenzangu akaninong'oneza.

Ilikuwa Novemba 2018, Pokhara, nchini Nepal, siku moja baada ya kuvuka mpaka wa Sunauli kwa basi tukitokea Delhi. Mpango ulikuwa milima kwanza, mahekalu ya Kibudha baadaye, na hatukuhitaji kuelekezwa na mtu. Sisi ni watoto wa Moshi. Kibo unamwona alfajiri, na ikifika saa tatu au nne kashajifunika shuka. Pokhara ni vilevile: jua likipasha bonde, hewa yenye unyevu wa ziwa na mashamba hupanda miteremko, ikifika kwenye ubaridi inageuka wingu. Anayeanza na mahekalu asubuhi atapanda mlimani mchana kutazama pamba. Novemba mvua za masika yao zimeshaosha anga. Machi na Aprili vumbi na moshi wa mashamba hufifisha kila kitu.

Sarangkot ni mgongo wa kilima wa mita 1,600 hivi, karibu mara mbili ya kimo cha mji. Kwa gari ni kama nusu saa, lakini karibu na kileleni tukakuta mabasi madogo yamejipanga kwenye kona, hakuna anayesonga. Tukashuka, tukamalizia ngazi za mawe kwa miguu. Watu hutazamia kwenye mapaa ya nyumba za wageni. Unanunua chai, unapata nafasi ya kusimama. Sweta mbili hazikutosha.

Tulipofika juu watu walikuwa wanashusha kamera.

Safu nzima ya Himalaya ilikuwa wazi: Dhaulagiri mita 8,167 mbali kushoto, Annapurna katikati, Manaslu mita 8,163 kulia kabisa, yote ikiwa na rangi ya dhahabu. Ila tulichokifuata ni ile rangi ya waridi inayotangulia. Kilele cha mita elfu nane hupigwa na jua karibu robo saa kabla halijamfikia mtu aliyesimama chini, na waridi hukaa dakika chache tu kwenye ncha kabla ya kuteremka na kuwa manjano. Ukikosa hapo, umekosa mpaka kesho.

Mwenzangu alikuwa na malalamiko mengine. Machapuchare, mita 6,993, maana yake ni mkia wa samaki. Alikazia macho, akainamisha kichwa, akahama paa. "Kaka, samaki mwenyewe yuko wapi?" Kutoka Pokhara huonekana piramidi moja tu, kali kama ncha ya mkuki. Vilele ni viwili, lakini lazima uzunguke upande wa magharibi ndipo mkia ujigawe. Ni mlima mtakatifu, haupandwi: msafara wa 1957 uligeuka mita hamsini hivi chini ya kilele, na tangu hapo serikali haitoi kibali.

Baada ya kifungua kinywa tukaenda ziwani Phewa. Boti za mbao hukodishwa gatini, bei iko ubaoni, na jaketi la kujiokolea unavaa utake usitake. Tulichukua yenye mpiga kasia. Mashua hizo zina kitako bapa, na asiyezizoea akipiga kasia huzunguka palepale. Ng'ambo, Anadu, ngazi hupenya msituni. Kwa mwendo wetu zilichukua dakika hamsini. Wakati wa mvua njia hiyo ina ruba, watu hubeba chumvi.

Juu ipo Stupa ya Amani, kuba jeupe lililojengwa na watawa wa Kijapani wa Nipponzan Myohoji, wafuasi wa Nichidatsu Fujii, aliyeanza kujenga stupa za amani baada ya Hiroshima. Msingi wa hii uliwekwa 1973, ukabomolewa kwa amri ya serikali ya wakati huo, na jengo likazinduliwa 1999. Sanamu nne za Buddha zinaelekea pande nne. Viatu unavua kabla ya kukanyaga ngazi za juu, huongei, na unazunguka mkono wako wa kulia ukiwa upande wa stupa. Sakafu ya kivulini ilikuwa barafu, ya juani ikaunguza. Mwenzangu alitembea kama kuku kwenye mchanga wa moto, kwa ukimya kamili.

Wingu lilikuwa limeshameza Annapurna.

Alasiri tukafika Tashi Palkhel, makazi ya wakimbizi wa Tibet nje kidogo ya mji, kusikiliza sala katika gompa, yaani nyumba ya watawa, ya Jangchub Choeling. Magurudumu ya sala yamebeba ndani karatasi zilizoviringwa zenye mantra, maneno ya sala. Unasukuma kwa mkono wa kulia, yazunguke kama mishale ya saa. Ndani unakaa ukutani, nyayo zisielekee madhabahuni, wala huruki kitabu kilichowekwa chini. Tulipoingia baragumu zilikuwa zimeshalia na mtawa mdogo alikuwa anamimina chai ya siagi kwa wenzake.

Mlangoni palikuwa na saa ya ukutani. Ilisema saa kumi kasoro dakika kumi. Yangu ilisema tisa na dakika thelathini na tano.

Nepal imeitangulia India kwa dakika kumi na tano: tangu 1986 inafuata meridiani, mstari wa longitudo, ya karibu na mlima Gauri Shankar, saa 5 na dakika 45 mbele ya Greenwich. Simu zetu hazikuwa na laini ya Nepal, kwa hiyo zilibaki na saa za Delhi, pamoja na saa yangu ya mkononi.

Mwenzangu aliisogeza mishale ya saa yangu palepale ngazini, akiwa bado na kiatu kimoja mkononi. Kisha tukaenda kumtafuta yule dereva. "Dai," nikamwambia, yaani kaka kwa Kinepali, "kesho kumi na moja na robo." Akaigonga saa yake. Nami nikamwonyesha yangu.