Umerudi Nairobi na Unaitaka Marsabit kwa Pikipiki

Kwa aliyerudi kutoka ng'ambo, safari ya Marsabit huanzia kwenye laini ya simu, kabla hata ya kuifunua pikipiki iliyoachwa chini ya turubai. Laini isiyotumika muda mrefu hufungwa, na huenda namba yako sasa ina mwenyewe mwingine. Bila laini huna M-Pesa, na eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, nayo haifunguki, maana namba ya uthibitisho inatumwa kule kule kwa namba ya zamani. Huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, zilihamishwa kutoka mfumo wake wa zamani wa TIMS hadi eCitizen mwaka 2023, kwa hiyo leseni iliyokwisha muda na logibuku ambayo bado ina jina la aliyekuuzia vyote vinaisubiri laini hiyo. Maliza haya wiki za kwanza, wakati jamaa bado wanamiminika kukusalimu na huna saa mbili mfululizo za kushika spana. Bima ya thadi pati ni ya lazima kisheria. Ikate mapema, kwani utaihitaji kwa safari ya majaribio.

Tarehe ya kuondoka usiitangaze. Mtu aliyerudi kalenda yake ni ya ukoo mzima: leo ruracio (sherehe ya mahari), kesho mazishi ya ushago, keshokutwa mtoto anatafutiwa shule. Kazi za nusu saa ziweke jioni za katikati ya wiki. Kabureta na breki zisubiri Jumapili moja ambayo kila mtu amekwisha ambiwa hupatikani.

Pikipiki iliyosimama miaka mingi huharibika zaidi kwenye mpira na vimiminika kuliko kwenye chuma, na ndiyo maana kuanza na injini ni kuanza vibaya. Angalia tairi kwanza. Ubavuni tafuta herufi DOT; tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa hiyo 2317 ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Meno yanaweza kuwa mapya kabisa na tairi ikawa takataka, kwa kuwa mpira umekauka na kufanya nyufa ndogo karibu na rimu. Ikipita miaka sita, toa, hata kama fundi anakuambia iko sawa. Lami ya moto baada ya Isiolo haimsikilizi fundi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani hata pikipiki ikiwa haiendi. Kutoka Timau hadi Isiolo unateremka zaidi ya mita 1,000. Breki zikipata moto kwenye mteremko huo, maji yaliyomo huchemka, yanakuwa mvuke, na lever inafika hadi kwenye mkono bila kushika kitu. Weka mafuta ya breki ya DOT 4 ya chupa mpya, isiyofunguliwa, ukitoa ya zamani kwenye nipeli ya kalipa hadi itoke safi bila mapovu. Kisha inua gurudumu ulizungushe kwa mkono: likikwama, pistoni za kalipa zimeshika kutu. Bonyeza shoki za mbele mara kadhaa. Pete ya oili ikionekana kwenye bomba, sili zimekufa, na hiyo oili itashukia kwenye pedi.

Sasa injini. Petroli ya zamani hunuka vanishi; imwage yote, kisha mulika ndani ya tangi kwa tochi. Kukiwa na kutu, kusafisha kabureta peke yake ni kazi bure, itaziba tena kabla ya Thika. Kijeti cha mwendo wa chini kina tundu jembamba kuliko sindano, na ndicho huziba kwanza: dalili yake ni injini kuwaka ukiwa umevuta choki na kuzima ukiirudisha. Tumia dawa ya kabureta, upepo wa kompresa, na uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu la shaba, halafu pikipiki inakunywa mafuta milele. Kwa pikipiki ya injeksheni, fungua swichi usikilize: pampu inapaswa kuvuma sekunde mbili tatu. Kimya maana yake fyuzi, waya au pampu yenyewe. Waya kagua kwa macho, hasa chini ya kiti na ndani ya boksi la filta ya hewa, maana panya wa Nairobi hupenda kuzalia humo.

Kabla ya kuwasha, toa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili kwenye silinda, acha ilale. Asubuhi weka gia ya juu na uzungushe gurudumu la nyuma kwa mkono, plagi ikiwa bado nje. Badilisha oili ya injini sasa, na uibadilishe tena baada ya majaribio. Betri iliyochajiwa na kulala usiku mzima isome volti 12.6 au zaidi. Injini ikizunguka kama mara 4,000 kwa dakika, isome kati ya 13.8 na 14.5. Chini ya 13.5, shuku regyuleta (kidhibiti cha chaji) au stata (koili za kuzalisha umeme, si mota ya kuwashia) kabla hujalaumu betri. Cheni yenye pingili zilizogoma usiipake oili ukidhani imepona. Badilisha pamoja na sproketi zote mbili, na upime ulegevu wake mzigo ukiwa juu, kwani cheni iliyokazwa pikipiki ikiwa tupu huvuta beringi ukipakia.

Kuhusu spea, bodaboda imebadilisha nchi. Kebo, plagi na tyubu za pikipiki za cc 100 hadi 150 utazipata hadi Laisamis, mji ulio kati ya Isiolo na Marsabit. Mwenye pikipiki kubwa hana bahati hiyo: anunue Kirinyaga Road au aagize, na abebe kebo ya klachi, lever mbili, plagi, fyuzi, kiungo cha cheni na tyubu. Nafasi ikibana, chukua tyubu ya mbele ya inchi 21; ya nyuma ikipasuka, hiyo itakufikisha mjini, japo si kwa kasi.

Keria wachomeaji wa Kamukunji au Kariobangi wanaitengeneza vizuri, ila sisitiza ifungwe kwa bolti na nati za nailoki (zisizolegea kwa mtikisiko), isichomelewe kwenye fremu. Vizito viwe chini na karibu na kiti. Mifuko ya plastiki ya kufungia nguo isinyeshewe imepigwa marufuku tangu Agosti 2017, kwa hiyo tafuta mfuko wa turubai. Na ile noti ya zamani ya elfu moja uliyoikuta kwenye jaketi haikuwa pesa tena tangu Oktoba 2019.

Jaribio liwe Magadi, na mzigo wote ukiwa juu. Jaza mafuta Kiserian, teremka Corner Baridi, pita Olorgesailie, ufike ziwani, urudi siku hiyo hiyo. Mteremko unapima breki, joto la bonde linapima regyuleta, na kupanda kurudi kunapima klachi. Pia utajua kama mwili bado unavuta kulia kwenye raundabauti, maana aliyezoea Ujerumani au Marekani hukosea pale pale anapochoka. Kinachovuja Magadi kingevuja Merille, kule njiani kabla ya Laisamis.

Aliyeondoka kabla ya 2016 anaikumbuka njia ya kaskazini kwa kokoto. Sasa ni lami hadi Moyale, na tairi za meno makubwa, ambazo watu bado wananunua kwa kumbukumbu, huliwa haraka na hutetereka ukikaza mwendo. Zinafaa tu kama unakata kwenda Loiyangalani, kando ya Ziwa Turkana. Hatari imehamia kwenye kasi: ngamia, matuta yasiyopakwa rangi, na upepo wa ubavu baada ya Marsabit unaosukuma pikipiki yenye masanduku hadi njia ya wanaokuja.

Lala Isiolo. Hapo uliza polisi hali ya usalama ya siku hiyo, kisha jaza tangi: hadi Marsabit ni kilomita 260 hivi, na ukikabili upepo hesabu kilomita 20 kwa lita hata kama mjini ulipata 30. Tangi la lita 11 halitoshi kwa hesabu hiyo, kwa hiyo beba lita tano kwenye jerikeni ya chuma au ongeza Laisamis. Petroli ya chupa ichuje kwa kitambaa. Toka saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka, kwa sababu Mlima Marsabit huwa na ukungu na baridi asubuhi, na ukifika mchana ukungu utakuwa umeshainuka.