Kipande cha shaba cha Mwanjelwa

Binti yangu alikuwa anatafuta betri kwenye droo, akaibuka na kipande cha shaba chenye pua mbili. "Baba, hii ya nini?" Bloku ya maji ya ile Pentium 4: inakaa juu ya prosesa ya kompyuta, maji yanapita ndani yake na kubeba joto. Wa zamani mnaikumbuka: zile Prescott za 2004, joto lake balaa, feni inaunguruma nyumba nzima. Na Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari. Hewa nyepesi, feni inahangaika lakini inabeba joto dogo.

Shaba nyekundu niliipata kwa wauza vyuma chakavu. Alumini ilikuwa bei rahisi, ila rejeta yangu ilikuwa ya shaba, na ukizungusha maji mamoja kwenye vyote viwili, alumini inaliwa.

Mchoro nilimpelekea fundi rejeta pale Mwanjelwa. Nilikuwa nimechora njia moja ya maji, inakunjwa na kukunjuka kutoka ukingo hadi ukingo, na niliionea fahari. Mzee akaugeuza mchoro juu chini. Akakohoa.

"Mwanangu, maji haya unayapeleka Tunduma kwa kupitia Kyela?"

Nikanyamaza. Akavuta rejeta mbovu ya lori, akaikata kwa msumeno, akaninyooshea. Ndani njia ni nyembamba, nyingi, zimepangwa sambamba, kila moja inabeba maji kidogo.

"Moto wa mashine yako uko wapi?"

Nikaweka kidole katikati ya mchoro.

"Basi maji yaingilie hapo hapo yakiwa bado ya baridi. Yatokee pembeni."

Kompyuta hajawahi kufungua hata moja, mzee yule.

"Ndaga fijo, mzee," nikamshukuru kwa Kinyakyusa, naye alishaanza kuchora mifereji juu ya shaba kwa msumari.

Mengine yalikwenda haraka: kifuniko kikaungwa kwa risasi, kitako nikakisugua kwa msasa juu ya kioo mpaka kikalala sawasawa, pampu ikawa ya tangi la samaki. Usiku mmoja wa Julai, gazeti limetandikwa chini kunasa uvujaji, joto la prosesa likashuka kutoka sabini na kitu hadi arobaini na kitu.

Rafiki yangu wa Dar alicheka kwenye simu. "Hiyo ni baridi ya Mbeya, kaka, si bloku." Ni kweli maji hayawezi kupoa kuliko hewa ya chumbani. Nilikusudia kupima tena Oktoba, jua likikolea, lakini umeme ulikatika ukarudi kwa kishindo, mama bodi ikaungua. Nilimjibu kwamba hata rejeta ya lori inapozwa na upepo wa nje, na hakuna anayemnyima fundi hela yake. Hakuridhika. Na mimi, nusu nusu.